Pete, metali na mwanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya, kuhusu molekuli zenye umbo la pete zinazoipa damu na majani rangi, huulizwa na wanafunzi wa kemia, wauguzi, na watu waliotaka tu kujua kwa nini kisamvu kikikaa sana jikoni hupoteza kijani chake. Yanaanza mepesi, ya maabara yako mwishoni. Mwenye haraka ashike hili moja: pete ndiyo inayodaka mwanga, metali ndiyo inayoamua mwanga huo uishie wapi.

## Mambo ya msingi

Ni molekuli zipi hasa zinazozungumziwa hapa?

Ni jamii ya molekuli za kaboni na nitrojeni zilizofungamana zikawa pete pana na bapa, yenye nafasi katikati inayotosha atomu moja ya metali. Pete hiyo hujengwa kwa vipete vinne vidogo viitwavyo piroli, na nitrojeni zao nne huelekea ndani na kuishika metali.

Ya msingi ni porfirini. Ikibeba chuma huitwa hemu, nayo ndiyo iliyomo ndani ya hemoglobini ya damu. Klorofili, au umbijani kama vitabu vya shule vinavyouita, imebeba magnesi. Vitamini B12 imebeba kobalti, ndani ya pete iliyopungua kiungo kimoja iitwayo korini.

Thalosianini ni binamu wa kiwandani. Mwaka 1928, kwenye kiwanda cha rangi cha Grangemouth, Uskoti, uchafu wa buluu ulionekana ndani ya chombo ambacho utando wake wa ndani ulikuwa umepasuka, kemikali zikagusa chuma cha nje. Patrick Linstead wa Imperial College, London, ndiye aliyefumbua muundo wake miaka michache baadaye. Toleo lenye shaba likaingia sokoni mwaka 1935, na hadi leo ndilo buluu ya wino wa printa, rangi za ukutani na ndoo nyingi za plastiki.

Kwa nini zinafyonza mwanga kwa nguvu kiasi hicho?

Kwa sababu elektroni za vifungo vyake pacha hazikufungwa mahali pamoja. Vifungo hivyo hupishana na vile vya kawaida kuizunguka pete, na elektroni 18 zinapata njia moja ndefu ya kuzunguka. Njia ikiwa ndefu, nishati ya kuirusha elektroni ngazi ya juu hupungua. Benzini, yenye pete ndogo, inafyonza urujuanimno peke yake, ndiyo maana macho yetu huiona kama maji. Porfirini imeshuka hadi kwenye mwanga tunaouona.

Tazama tofauti kwa namba. Salfeti ya shaba ndani ya maji, ile buluu ya maabara za shule, ina nguvu ya ufyonzaji ya kumi na kitu tu kwa kila moli kwa lita kwa sentimita. Tetrafenilporfirini, porfirini ya kutengenezwa maabara, inapita 400,000 kwenye mkanda wake mkuu, yaani eneo la mwanga inalolifyonza zaidi. Metali peke yake ni mnyonge mbele ya pete.

Mkanda wa Soret na mikanda ya Q ni nini?

Soret ni mkanda mkali wa ufyonzaji ulio karibu na nanomita (nm) 400, kwenye zambarau. Umepewa jina la Jacques-Louis Soret, mwanasayansi wa Geneva, aliyeuona kwenye damu mwaka 1883. Mikanda ya Q ni dhaifu zaidi na iko kati ya nm 500 na 650 hivi.

Kwa nini mmoja una nguvu na mwingine hauna? Maelezo yanayotumika hadi leo ni ya Martin Gouterman, Mmarekani, ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Pete ina ngazi mbili za elektroni zilizojaa na, juu yake, ngazi mbili tupu. Njia za kuruka zinakuwa na nishati karibu sawa, hivyo zinachanganyika. Watu wawili wakilisukuma gari upande mmoja, linaondoka. Mmoja akisukuma mbele na mwenzake nyuma, linatikisika tu. Mchanganyiko wa kwanza ni Soret, wa pili ni Q.

Sasa uzuri wake: ukiuvuruga ulinganifu wa pete, kule kughairiana kunalegea na Q anapata nguvu. Klorofili imefanya hivyo kwa kuongeza hidrojeni kwenye piroli moja, na ndiyo maana inafyonza nyekundu vizuri. Bakteria fulani wa usanisinuru wameongeza kwenye piroli mbili, wakasogea hadi infraredi ambayo macho hayaioni. Thalosianini nayo, kwa sababu ngazi zake mbili zilizojaa zimetengana sana, ina Q mkali kupindukia karibu na nm 670 hadi 680.

Je, metali inabadilisha rangi?

Kidogo, mara nyingi kwa kuusogeza mkanda nanomita chache huku au kule. Metali zingine huongeza mikanda yake, pale elektroni inaporuka kutoka kwenye pete kwenda kwenye metali. Hemu yenye chuma kilichooksidika ina mkanda wa namna hiyo karibu na nm 630. Kazi kubwa ya metali iko baada ya mwanga kufyonzwa, na sehemu ya tatu hapa chini inahusu hilo tu.

## Damu, majani na jikoni

Kama pete ni karibu ileile, kwa nini damu ni nyekundu na jani ni kijani?

Angalia kinachobaki, si kinachofyonzwa. Hemu kwenye damu yenye oksijeni inakula zambarau (nm 415) na kijani na manjano (nm 541 na 577). Nyekundu inapita bila kuguswa. Klorofili a, ikiyeyushwa kwenye etha, inakula zambarau-buluu karibu na nm 430 na nyekundu karibu na nm 662. Kijani kinaachwa katikati.

Damu ndani ya mishipa ni ya buluu kabla haijakutana na hewa?

Hapana. Damu iliyoachia oksijeni ni nyekundu iliyoiva, kama unavyoiona kwenye bomba la sindano inapotolewa kwenye vena. Ubuluu wa mshipa chini ya ngozi unatokana na jinsi ngozi inavyotawanya mwanga.

Kwa nini mboga za majani zinageuka rangi ya zeituni zikipikwa sana, na magadi yanafanya nini?

Joto linapasua seli, asidi za mboga yenyewe zinatoka, na hidrojeni za asidi zinaing'oa magnesi kwenye pete na kukaa mahali pake. Klorofili isiyo na magnesi huitwa feofitini, na rangi yake ni kijani kilichochakaa kuelekea kahawia. Ukikamulia limau kabla mboga haijaiva unaharakisha jambo hilo. Ukifunika sufuria muda wote, asidi zinazoweza kutoka na mvuke zinabaki ndani.

Magadi yanaua asidi, kwa hiyo magnesi inabaki na mboga inakaa kijani. Bibi zetu walikuwa sahihi kikemia. Gharama yake ni kwamba vitamini C na B1 hazivumilii magadi, na majani yanalainika hadi kuwa uji. Mimi ningepika kwa muda mfupi na kuacha sufuria wazi.

Kuna namna ya kuurudisha ule ukijani?

Ipo, ila si ya nyumbani. Shaba ikiingia mahali pa magnesi, inashika kwa nguvu zaidi na asidi ya chakula haiiondoi. Rangi ya kijani ya vyakula iliyoandikwa E141 kwenye pakiti ni klorofili zilizobadilishwa hivyo. Zamani, karne ya 19, viwanda vya Ulaya viliongeza salfeti ya shaba moja kwa moja kwenye njegere za makopo, jambo lililoleta ugomvi mkubwa wa afya. Usijaribu.

Ni kweli kuna ndege mwenye shaba kwenye manyoya?

Ni kweli, na ni wa kwetu. Shorobo, ndege wa misitu ya Afrika tu, ana manyoya ya mabawa mekundu sana yanayoonekana anaporuka. Wekundu huo ni turasini, porfirini iliyobeba shaba, iliyotambuliwa na Mwingereza Arthur Church mwaka 1869. Ndege wengi hupata wekundu wao kutokana na karotenoidi za chakula. Huyu anatengeneza wa kwake. Shorobo wa Fischer yuko kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na shorobo wa Hartlaub kwenye milima. Turasini huyeyuka kwenye maji yenye alkali, hata ya sabuni, kwa hiyo mwenye unyoya wa makumbusho asiuoshe.

## Mwanga ukishafyonzwa unakwenda wapi?

Nishati ina njia ngapi za kutokea?

Nne za maana. Inaweza kugeuka joto. Inaweza kutoka tena kama mwanga wa urefu mkubwa zaidi wa wimbi, yaani mng'aro. Inaweza kuingia kwenye hali ya tripleti, ambamo elektroni imegeuza mzunguko wake na hairudi chini kirahisi. Hapo molekuli inabaki na nishati kwa muda mrefu mara maelfu. Au inaweza kukabidhiwa molekuli jirani, pamoja na elektroni yenyewe, kama jani linavyofanya.

Metali ndiyo inayopanga foleni. Magnesi, zinki na alumini hazina elektroni za kuingilia kati, hivyo pete inabaki imesisimka kwa nanosekunde kadhaa na inaweza kung'aa au kufanya kazi. Chuma, kobalti, nikeli na shaba zina ngazi zao za elektroni, ziitwazo d, ambazo hazijajaa, na nishati huporomokea humo upesi mno, mara nyingi ndani ya pikosekunde, kisha inakuwa joto. Metali nzito kama paladi na platini zinaisukuma karibu yote kwenye tripleti.

Ninaweza kuliona hili bila maabara?

Ndiyo. Ponda majani ya mchicha ndani ya spiriti, chuja, kisha washa tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, kwenye chumba chenye giza. Maji ya kijani yatang'aa mekundu. Hiyo ni klorofili inayorudisha mwanga. Jani zima linang'aa kidogo sana, asilimia moja au mbili tu ya mwanga ulioingia, kwa sababu nishati inakwenda kwenye usanisinuru. Hata hivyo setilaiti huupima mng'aro huo kutoka angani ili kujua mimea inafanya kazi kiasi gani. Damu haitang'aa hata ukiimulika usiku kucha, maana chuma kimeshaimeza nishati.

Mayai yenye ganda la kahawia nayo yanang'aa mekundu chini ya tochi hiyo. Ganda lina protoporfirini, pete ileile ya hemu ambayo haijawekewa chuma. Spiriti inashika moto, iwe mbali na jiko, na tochi isielekezwe machoni.

Kwa nini buluu ya thalosianini haipauki juani?

Shaba inaigeuza nishati kuwa joto kabla haijaleta madhara, na fuwele zenyewe zimebanana, oksijeni haipenyi. Ukiweka zinki au alumini badala ya shaba, na kuongeza salfonati ili iyeyuke majini, unapata kitu cha tabia nyingine kabisa: kimewekwa kwenye baadhi ya sabuni za unga, nguo ikianikwa ikiwa mbichi, jua linaiamsha rangi hiyo nayo inashambulia madoa. Pete moja, metali mbili, tabia mbili zinazopingana.

Oksijeni inaingiaje kwenye habari hii?

Oksijeni ya hewa yenyewe ni tripleti. Ikikutana na pete iliyo kwenye tripleti, inapokea nishati na kugeuka oksijeni ya singleti, ambayo huchoma mafuta, protini na kuta za seli zilizo karibu.

Madaktari wameigeuza kuwa dawa. Mgonjwa hupewa rangi ya jamii hii, kisha mahali penye ugonjwa humulikwa. Photofrin, isiyo na metali, iliidhinishwa Kanada mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu na humulikwa kwa nm 630. Padeliporfini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2017 kwa saratani ya tezi dume ya awali, imebeba paladi, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Huwezi kutumia ya chuma au ya shaba kwa namna hii. Ingezima kabla oksijeni haijafika.

Kuna watu wanaoumizwa na mwanga kwa sababu ya porfirini?

Wapo. Kwenye aina moja ya ugonjwa wa porfiria, kimeng'enya kinachoingiza chuma kwenye pete ni dhaifu. Protoporfirini tupu inajaa kwenye damu, na jua likipiga ngozi mgonjwa anahisi kuungua ndani ya dakika chache. Krimu za kawaida za jua hazisaidii sana, kwa kuwa madhara yanaletwa na mwanga wa zambarau unaoonekana, ule wa mkanda wa Soret, na krimu hizo zimetengenezwa kwa urujuanimno. Kioo cha dirisha nacho hakizuii.

Sumu ya risasi huleta jambo linalofanana: inazuia chuma kuingia, na zinki inakaa pale. Protoporfirini ya zinki inang'aa, ya chuma haing'ai, kwa hiyo tone la damu lenye mng'aro lilitumika kama kipimo. Siku hizi hupimwa risasi yenyewe, kwa sababu kiwango cha chini hakionyeshi mng'aro wa kutosha.

## Hospitalini

Kipima oksijeni cha kidoleni kinajuaje?

Kina taa mbili: nyekundu ya nm 660 na infraredi ya nm 940. Hemoglobini isiyo na oksijeni inafyonza zaidi ile nyekundu. Yenye oksijeni inafyonza zaidi ile infraredi. Kifaa kinaangalia sehemu inayopanda na kushuka kwa mapigo ya moyo, ili kupuuza ngozi na mfupa, kisha kinalinganisha taa mbili. Wazo la kutumia mapigo ni la Takuo Aoyagi, mhandisi Mjapani, mwaka 1974.

Kinaweza kudanganya?

Ndiyo, na hili lisomwe kwa makini. Kwa aliyelala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kifaa kinaweza kuonyesha oksijeni asilimia 98 huku anakufa. Monoksidi ya kaboni imekalia chuma cha hemu, na kwenye nm 660 hemoglobini hiyo inafyonza karibu sawa na yenye oksijeni. Kifaa cha taa mbili hakina njia ya kuzitofautisha. Kinahitajika kipimo cha damu chenye urefu wa mawimbi zaidi. Mtu wa namna hiyo atolewe nje na apelekwe hospitali, namba iseme itakavyo.

Hemoglobini iliyooksidika, yenye ule mkanda wa nm 630, inauvutia usomaji kuelekea 85 bila kujali hali halisi. Rangi ya kucha nyeusi au ya buluu, na piko, huweza kuzuia mwanga. Geuza kipimo kikae pembeni ya kidole au tumia kidole kisichopakwa. Tena, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika nyuma ya namba nzuri ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kwetu hilo si tanbihi. Mgonjwa anayehema kwa shida asirudishwe nyumbani kwa sababu ya 93.

Rangi nyeusi ndani ya vimelea vya malaria ni nini?

Ni hemu. Kimelea kinakula hemoglobini, na hemu inayobaki ni sumu kwake, basi anaipanga kuwa fuwele ziitwazo hemozoini. Alphonse Laveran aliiona rangi hiyo mwaka 1880 kule Constantine, Algeria, ndipo akavitambua vimelea. Hemu zikibanana hivyo, mikanda yake hupanuka na ufyonzaji unafika hadi nyekundu, karibu nm 650. Ndiyo maana fuwele ni kahawia iliyokoza na haihitaji kupakwa rangi ili ionekane kwa hadubini. Klorokwini iliua vimelea kwa kuzuia upangaji huo.

Kwa nini sindano ya B12 ni nyekundu na hukingwa na mwanga?

Pete yake inafyonza kijani, kwa sianokobalamini karibu na nm 550, na nm 361 kwenye urujuanimno. Kwenye methilikobalamini kuna kifungo cha kobalti na kaboni ambacho mwanga hukikata. Ampuli ibaki kwenye boksi lake.

## Kwa wenye spektrofotomita, mashine ya kupimia ufyonzaji wa mwanga

Sampuli yangu ina mikanda minne ya Q, kitabu kinaonyesha miwili. Nani kakosea?

Pengine hakuna. Porfirini isiyo na metali ina hidrojeni mbili ndani, na ulinganifu wa mraba unakuwa wa mstatili. Q inagawanyika kuwa minne, karibu nm 515, 550, 590 na 650 kwa tetrafenilporfirini. Metali ikiingia, mraba unarudi na mikanda inabaki miwili. Ndiyo njia rahisi ya kujua kama metali imeingia: fuatilia mkanda wa 650 hadi utoweke. Ukibaki kidogo, bado.

Kilele cha Soret kimekatwa juu kama meza.

Umeweka nyingi mno. Kwa nguvu ya ufyonzaji ya 400,000, mikromoli 2.5 kwa lita inatosha kufikisha ufyonzaji wa 1 kwenye kuveti (kichupa cha sampuli) ya sentimita 1. Pima mara mbili: nyepesi kwa Soret, nzito kwa Q.

Thalosianini yangu ina kilele kipana karibu na 630 badala ya 675.

Molekuli bapa zinalaliana. Zikipangana uso kwa uso, mkanda husogea kwenye buluu na mng'aro huzimika. Punguza kiasi, au badili kiyeyushi. Piridini hushika metali kutoka upande wa juu na kuzitenganisha.

Zinaweza kutengeneza umeme wa jua?

Zinaweza. Mwaka 2011 seli ya maabara iliyotumia porfirini ya zinki, kutoka kundi la Michael Grätzel wa Lausanne, ilifikisha asilimia 12.3. Zinki ilichaguliwa kwa sababu inaiacha pete na muda wa kukabidhi elektroni. Paneli za silikoni zilizo juu ya mabati yetu zinazidi hapo, kwa hiyo usisubiri kununua ya porfirini.

Ni kweli zipo hata kwenye mafuta ghafi?

Zipo. Mjerumani Alfred Treibs alizitambua katika miaka ya 1930 kwa kutumia mikanda yake ya ufyonzaji, na akazihusisha na klorofili za kale. Ukawa ushahidi mzito kwamba petroli ilitokana na viumbe. Magnesi ilikuwa imekwisha kutoka zamani. Mahali pake palikaa vanadi au nikeli, metali zinazoshika sana, ambazo viwanda vya kusafisha mafuta vinahangaika kuziondoa hadi leo kwa sababu zinaharibu vichocheo vyao.